Shangazi Amelala Chali

SHANGAZI AMELALA CHALI! Chali kabisa jamani, mgongo wote umegusa ubao, kisogo kimegusa ubao, hakuna mto, hakuna pande la mbao, hakuna nini, yuko chini ya pikapu ya watu anafungua giaboksi, na ANAONGEA. Mimi nimekaa juu ya tairi hapa gereji, simu mkononi, natetemeka kwa furaha mpaka video niliyochukua imetoka kama imerekodiwa na mtu aliyepanda trekta. Nimeituma hivyo hivyo kwenye kundi la familia. Atakayelalamika alete yake.

Najua kuna mtu anasoma hapa anajiuliza, sasa kulala chali nako ni habari? Si kila mtu analala chali? Tulia. Nakusimulia toka mwanzo, na ukifika mwisho utapiga makofi peke yako huko uliko mpaka watu wakuulize kama uko sawa.

Kwanza umjue Shangazi mwenyewe. Ni dada mkubwa wa baba yangu na tunaishi nyumba moja, mimi, yeye na Baba. Kazi yake fundi magari. Usifikirie mwenye gereji, wala usifikirie wa kukaa kaunta kuuza spea. Fundi yule wa kuingia chini ya gari akatoka na oili mpaka kwenye nyusi. Mafundi wengine wote hapa ni wanaume, na alipokuja kuomba kazi, mimi sijazaliwa bado, walimwambia kazi iliyopo ni ya kuchemsha chai. Hakubisha. Akachemsha chai. Alipoileta akawakuta wawili wamelala chini ya lori wanatukanana kwa sababu ya bolti moja imegoma na mikono yao minene haipiti. Shangazi akaweka birika chini, akawaambia "sogea," akaingia. Mkono wake mwembamba ukapita. Bolti ikatoka. Chai ikapoa, na hakuna aliyemwambia achemshe nyingine. Tangu siku hiyo anaitwa Uvungu, na mpaka mke wa mwenye gereji akipiga simu anasema, "Nipe Uvungu niongee naye."

Sasa Uvungu ana tabia moja ambayo ndiyo iliyomfanya ajulikane mtaa mzima. Akiwa chini ya gari haachi kuongea. Mteja anaona viatu viwili tu vimetokeza, na sauti inatoka huko chini inasimulia, inabishana na redio, inatoa ushauri wa ndoa bila kuombwa. "Gari lako zima, baba, ubaya ni wewe, unakanyaga breki kama unaua nyoka!" Kuna mteja mmoja alirudi na gari lisilo na tatizo lolote, akasema kuna mlio. Mlio hakuna. Alitaka kujua yule dada wa kwenye mkasa wa Shangazi aliolewa au hakuolewa.

Halafu sauti ikaanza kupungua.

Haikukatika ghafla. Tuliugua mafua nyumba nzima, yale mafua ya kukulaza kitandani ukaandika wosia. Mimi na Baba tukapona. Shangazi naye akapona, ila akabaki na kitu. Akiinama kufunga kamba za viatu, anainuka akihema kama mtu aliyetoka chini ya maji. Akila akashiba, anahema. Akipanda ngazi ya nyumbani kwetu anasimama katikati, anajifanya anasoma meseji. Simu yenyewe imezima!

Na usingizi wake. Kila asubuhi namkuta kwenye kochi sebuleni, amelala amekaa, mito imemzunguka kama mfalme, televisheni inawaka.

"Shangazi, kitanda kimekosa nini?"

"Nilikuwa naangalia tamthilia, ikanipitia."

Naangalia televisheni, kipindi cha ufugaji wa kuku.

"Tamthilia gani hii?"

"Usiidharau. Yule jogoo ndiye mhusika mkuu."

Nikacheka, nani asingecheka. Anajua kukuchekesha ili usahau ulichokuwa unauliza. Baba alimlazimisha akaenda zahanati, wakamwambia inaweza kuwa pumu, wakampa kile kidude cha kuvutia dawa mdomoni. Akavuta. Hakuna kilichobadilika. Akapimwa moyo, moyo uko salama, unapiga kama injini mpya. Basi akasema, mmeona, sina kitu, niacheni.

Lakini mimi nikitoka shule napitia gereji, na kule nikaona kitu ambacho nyumbani hakionekani. Mafundi wana ule ubao wa magurudumu, unalala juu yake, unajisukuma, unaingia chini ya gari. Wa Shangazi una kipande cha blanketi kuukuu na umechongwa herufi ya jina lake la utani, hakuna anayeugusa. Siku moja nikaona ameupigilia kipande cha mbao upande wa kichwani, chembamba tu kama sabuni ya kipande. Nikadhani gurudumu limeharibika. Baada ya muda juu ya kile akapigilia kingine. Halafu pande zima. Mwisho ubao ukawa umeinuka kama ule wa watoto wa kuteleza, na kichwa chake kikawa kinakaribia kugonga tumbo la gari, kwa hiyo na gari nalo akawa analipandisha jeki juu kuliko wenzake.

Kuna fundi umeme wa magari pale, jina lake Betri, kwa sababu akifika mchana anakuwa ameishiwa nguvu. Huyo mdomo wake haulali.

"Uvungu, hiyo ni kazi au umekwenda kuota jua? Tukuletee na miwani?"

Zamani angejibiwa jibu la kwenda nalo nyumbani na kulihadithia wajukuu. Safari hii ukainuka mkono tu kutoka chini ya gari, umeshika spana, ukatikisika, ukashuka. Basi. Betri mwenyewe akabaki anaangalia pale chini, kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

(Subirini, ananiita nimpe spana ya kumi na tatu. Haya, nimerudi. Na kusema kweli anamsimulia mwenye pikapu habari za jogoo!)

Tuendelee. Mwenye gereji tunamwita Mzee Funguo, anatembea na funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba ukitaka kukaa bila kazi unamsikia akiwa bado mbali. Ni mtu mzuri. Siku moja akamwita Shangazi pembeni, na pembeni yenyewe ni pale kwenye matairi ninapokaaga mimi.

"Uvungu, unajua mimi nakuheshimu."

"Mzee, ukianza hivyo najua kuna baya linakuja nyuma."

"Nataka uhamie kaunta. Uuze spea. Kuna kiti kizuri, kuna feni."

"Feni ya nini, mimi nguo mbichi?"

"Usinifanye nicheke, naongea la maana. Kazi uliyokuwa unaimaliza kabla chai haijapoa, sasa inakula asubuhi yote. Na wateja wanaona. Mimi sikufukuzi, mama. Nakupumzisha."

Shangazi alinyamaza. Nilimwona anaangalia ule ubao wake. Nyie hamumjui, huyu ni mtu aliyewahi kujibizana na watu hata mazishini. Kunyamaza kwake kulinitisha.

"Nipe nafasi nikaangaliwe hospitali kubwa," akasema, taratibu, kwa vipande, kwa sababu pumzi haikutosha sentensi nzima. "Kama hakuna tiba, nitakuja kukaa kwenye hiyo feni yako mwenyewe. Bila kusukumwa."

Njiani tukirudi ndiyo nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akasema, "Miaka yote hii wananiangalia, Redio." Redio ni mimi, msiulize kwa nini. "Wanasubiri siku moja nishindwe kuingia chini ili waseme, si tulisema? Sasa nikawape?"

Kwa hiyo mjue kilichokuwa mezani. Kwake kaunta isingekuwa pumziko. Ingekuwa kuwapa wale wa enzi za birika jibu walilolisubiri.

Hospitali kubwa tulikwenda wawili, Baba alikuwa kazini. Korido ndefu, mabenchi ya chuma yanayokuingia mgongoni, mlango unaofunguka kidogo linatoka jina la mtu, unafungwa. Daktari wa mapafu alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akauliza maswali mengi, na katikati akauliza moja ambalo mimi nilidhani ni utani.

"Mama, ukilala unatumia mito mingapi?"

"Mmoja," akasema Shangazi.

"ANADANGANYA!" Samahani, ilinitoka. Watu wa korido nadhani walisikia. "Daktari, halali kitandani kabisa, analala amekaa! Na ubao wake wa kazini ameuwekea mapande ya mbao kichwani, umeinuka hivi!" Nikamwonyesha kwa mkono.

Shangazi alinigeukia na jicho la kunifukia nikiwa hai. Lakini daktari aliweka kalamu chini.

"Kwa nini umeuinua, mama?"

Akajibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Nikilala chali, nazama."

"Unazama?"

"Kama mtu amenikalia hapa." Akagusa mbavu za kushoto.

Daktari akamwomba apande kitandani, alale chali kidogo tu, bila mto. Shangazi alikiangalia kile kitanda kama watu wanavyoangalia shimo. Akalala. Haikufika hata dakika, midomo ikaanza kubadilika rangi, akashika mkono wa daktari na kuinuka. Daktari akasema pole mama, asante, umenisaidia sana. Na akatuandikia picha.

Eksirei ya kawaida ilionyesha upande wa kushoto umepanda juu. Halafu kuna picha nyingine, ya kutembea, kama video. Anasimama mbele ya mashine anaambiwa, "Funga mdomo, nusa kwa ghafla, kama umesikia harufu ya kitu kinaungua." Baadaye daktari akatuonyesha kwenye kompyuta. Ananusa, na upande wa kulia unashuka chini. Upande wa kushoto, wakati ule ule, unaruka JUU. Anarudia, ule chini, huu juu.

Shangazi akasogeza kiti. "Waipa mbili za kioo kimoja," akasema, "moja inakwenda kulia, nyingine inakwenda kushoto. Gari hili lingeletwa kwangu ningelirudisha kwa mwenyewe."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatueleza, na mimi niliandika kwenye simu ili nisisahau. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana mwembamba unaitwa kiwambo. Ukivuta pumzi kinashuka, mapafu yanapata nafasi ya kujaa. Kiwambo kinapokea amri kupitia mishipa ya fahamu inayotoka shingoni, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ule wa kushoto wa Shangazi umeharibika, labda ni yale mafua, labda kitu kingine, mara nyingi haijulikani. Kwa hiyo nusu ya kiwambo imelegea, haipokei amri. Akivuta pumzi, badala ya kushuka inanyonywa juu. Na akilala au akiinama au akishiba, vitu vya tumboni vinaisukuma juu zaidi, pafu linabanwa.

"Siyo uzee?" Shangazi akauliza.

"Hapana."

"Siyo uvivu?"

"Mama, wewe umekuwa ukifanya kazi nzito kwa karibu pafu moja. Mimi nisingeweza."

Nilitaka kumkumbatia yule daktari. Nikajizuia kwa sababu ya zile kalamu.

Ila tiba haikuja papo hapo. Akasema mishipa ya fahamu wakati mwingine inapona yenyewe polepole, kwa hiyo tungoje, afanye mazoezi ya kupumua, kisha apimwe tena. Shangazi akarudi gereji, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Funguo, akasema, "Nionyeshe kiti." Akakaa kaunta kipindi chote kile cha kungoja, anauza plagi na mikanda na taa za breki, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Na feni? Feni hakuiwasha hata siku moja. Jasho linatiririka, mteja anamwambia mama washa feni, anajibu, "Hiyo ni ya mwenye kaunta. Mimi napita tu." Na ubao wake, alikataa usipewe mtu. Uliegeshwa ukutani nyuma yake na mapande yake ya mbao.

Alipopimwa tena, waipa zilikuwa vile vile, moja huku, nyingine kule.

Ndipo tukakutana na daktari wa upasuaji wa kifua. Mtu mfupi, mikono midogo, anaongea kama hana haraka na dunia. Akatuambia watatoboa matundu madogo kati ya mbavu, wapitishe kamera na vyuma vyembamba. Ile sehemu iliyolegea wataikunja, kunjo juu ya kunjo, na kuishona ikazike, ikae chini tambarare isipande tena.

"Kwa hiyo hamkitengenezi," Shangazi akasema. "Mnakikaza."

"Tunakikaza. Upande ule hautarudi kufanya kazi kama zamani, sitaki kukudanganya. Lakini hautanyonywa juu tena, na pafu lako litapata nafasi yake."

"Kama turubai la lori. Halisukumi lori, lakini likilegea linapepea mpaka dereva anashindwa kuendesha."

"Hivyo hivyo."

"Na mkono wako hauingii? Unapita kwenye tundu dogo, unaangalia kwa kamera, unashona gizani huko ndani?"

"Ndiyo, mama."

Shangazi akanigeukia, uso wote umefunguka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Umesikia, Redio? Kumbe na yeye anafanya kazi uvunguni."

Daktari akataka kujua uvungu ndiyo nini, nikamsimulia, na alicheka akasema hilo jina atalichukua. Kisha akaongea kwa makini kuhusu hatari, damu, maambukizi, kwamba kukiwa na ugumu huenda wakalazimika kufungua zaidi. Shangazi akasikiliza yote. Akauliza swali moja tu.

"Nitalala chali?"

"Ndicho tunachokitafuta. Kuapa siwezi. Lakini wengi wanaofanyiwa hivi wanapata nafuu kubwa, na wewe mapafu yako yenyewe ni mazima."

"Sawa. Nifunge turubai."

Unajua alichoogopa? Kisu hakukiogopa. Aliogopa meza. Aliambiwa mgonjwa analazwa mezani, na usiku wake wote wa mawazo ulikuwa juu ya ile meza. Asubuhi ya siku yenyewe akamwambia daktari wa usingizi, waziwazi, mbele ya Baba, kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu wa gereji, "Mimi kulala kunanitisha." Yule daktari akainua kichwa cha kitanda. Akasema, utakaa hivi hivi mpaka dawa ikuchukue, mengine utakuwa hujui.

"Nisipojua hainihusu," akasema Shangazi, na wakamsukuma kwenye ule mlango mkubwa wa kusukuma kwa bega.

Baba, mtu wa maneno machache, alikaa kwenye benchi akafungua kamba za viatu akafunga, akafungua akafunga. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Huyu ndiye aliyenifundisha kufunga hizi." Basi nikaenda kuangalia tangazo la kunawa mikono ukutani, nikalisoma lote, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Daktari alipotoka, kofia ya kijani bado kichwani, alisema maneno mawili: "Imekaa vizuri." Baba akamshika mkono hakuuachia mpaka daktari akaomba.

Sasa msidhani ni kama kwenye filamu, mtu anaamka anatabasamu. Aliamka na mpira umetoka ubavuni wa kutoa maji na hewa, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Nani kanigonga na lori hakusimama?" Kukohoa kulimuuma mpaka machozi, akapewa mto wa kukumbatia akikohoa. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mkali kama mwalimu wa zamu, akamtembeza korido huku amebeba kichupa chake cha ule mpira kama mkoba wa harusi. Na akapewa kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu. Unaweka mdomoni, unavuta pumzi ndani, vimpira vinapanda. Kimoja kikapanda. Cha pili kikapanda kikiwa kinasitasita. Cha tatu kikakataa. Shangazi akakitazama kama anavyotazama bolti iliyogoma, akasema, "Wewe na mimi tutaonana."

Walionana nyumbani. Siku kimpira cha tatu kilipopanda nilipiga kelele mpaka jirani akaja na ufagio akijua tumeingiliwa na nyoka.

Na kile kitanda. Alianza na mito yote, akawa anapunguza mmoja mmoja. Asubuhi moja nikaamka, sebuleni hakuna mtu, kochi tupu, televisheni imezimwa. Nikakimbilia chumbani kwake, nikamkuta amelala kitandani, mto mmoja tu chini ya kichwa, anakoroma. Jamani, koromo tamu lile! Nililirekodi. Ndiyo mlio wa simu yangu mpaka leo, na yeye hajui kwamba ninyi nyote sasa mnajua.

Lakini kitanda ni kitanda na gereji ni gereji. Daktari alimkataza kubeba vizito mpaka apone kabisa, akatii, akarudi kukaa kaunta bila feni. Mpaka juzi alipomwona daktari wake akaambiwa, haya mama, nenda kazini taratibu, giaboksi usibebe peke yako.

Leo asubuhi amekuja na ovaroli limefuliwa na kupigwa pasi. Ovaroli, kupigwa pasi! Akapita kaunta bila kusimama, akachukua ubao wake ukutani, akaupindua katikati ya gereji, akachukua nyundo ya kung'olea misumari. Watu wakaacha kazi. Pande la kwanza likatoka. La pili. Kile cha mwisho chembamba kama sabuni kiligoma kidogo, akakipiga kikaruka mpaka miguuni kwa Betri.

"Kachongee kijiti cha meno," akamwambia.

Mzee Funguo akasema, "Uvungu, kaunta bado ipo, hakuna anayekulazimisha."

"Mzee, ndiyo maana nalala mwenyewe."

Akaweka ubao sawa, umekuwa tambarare, akakaa, akalala. Chali. Akajisukuma kwa visigino akaingia chini ya pikapu. Vikabaki viatu viwili.

Na kimya.

Nisikieni, kimya kile sitakisahau. Redio ya gereji ilikuwa imezimwa. Funguo za Mzee hazikulia. Viatu havisogei. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe. Betri, yule yule wa kuota jua, akapiga magoti pale chini kwenye oili, akainamisha kichwa.

"Uvungu? Dada? Uko salama?"

Ndipo ikatoka. Ile sauti. Yote, sentensi nzima bila kukatwa vipande.

"Nani alifunga bolti hii? Betri, ni wewe? Hii imefungwa na mtu aliyekuwa anachelewa kwenda kuoa, na wala bibi harusi hakutokea!"

Gereji ililipuka! Watu wamepiga makofi, mmoja kapiga honi ya lori, Mzee Funguo kageuka ukutani anajifanya anatafuta ufunguo. Betri alibaki pale pale magotini anacheka na kupangusa macho kwa kitambaa cha oili, sasa ana uso wa chui.

Tangu asubuhi hajanyamaza. Giaboksi Betri ndiye anayelishikilia, kama daktari alivyosema, na amri anazipokea kutoka chini. Kupumzika anapumzika, akitoka anakaa kidogo, anakunywa maji, anarudi. Mtu mmoja kasema, jamani nani atamfunga huyu mdomo, na Betri kamjibu, "Si ulitaka apone? Ndiyo huyo." Na kaunta yuko Mzee Funguo mwenyewe, amewasha feni mpaka mwisho, risiti zinapeperuka.

Huyo ndiye Shangazi yangu. Fundi. Mimi nikikua sijui nitakuwa nani, ila nikiulizwa natoka kwa nani, jibu ninalo.

Sasa ombi langu. Kama kuna mtu unamfahamu analala amekaa, anahema akiinama au akilala chali, na dawa za pumu hazimsaidii, inaweza isiwe ugonjwa huu, lakini amwambie daktari ukweli kuhusu ile mito. Mtumie hii. Na kama humjui mtu wa namna hiyo, mtumie yeyote, huenda yeye anamjua.